Namba Iliyofunikwa kwa Karatasi ya Sabuni

Watu wanaojua mambo ya gemu husema kwamba ile ya pili ndiyo bora. Nimebishana nao kazini, nimebishana nao harusini, na wakati mmoja nilibishana na fundi wa simu mpaka akanirudishia simu yangu bila kuitengeneza. Wanasema ya kwanza ni ya watoto: nyasi za kijani, kengele zinalia, kila unayekutana naye anakupungia mkono. Ya pili, wanasema, ina uzito. Anga ni la majivu, muziki umetolewa ukaachwa upepo peke yake, na hadithi inakukaba koo. Nawasikia. Lakini mimi gemu zote mbili nilisomewa na kaka yangu, na mtu aliyesomewa na kaka yangu hawezi kuzipima kama watu wengine.

Tulikuwa tunakaa nje ya Kitengela, upande wa kwenda Kisaju, katika ile miaka ya tisini ambapo kila ukiamka unakuta ua mpya. Baba alikuwa ameuza kipande cha ardhi kilichopakana na barabara kwa familia moja kutoka mkoa wa Central. Wakajenga nyumba ya mawe, wakazungusha seng'enge, na ng'ombe wetu wakajifunza kupita mbali. Mama alipeleka maziwa mjini kila asubuhi. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja Msomali mwenye duka la vitambaa, ndala na sukari, nasi tulimwita Mama wa Duka. Ndugu yake wa Eastleigh alikuwa amewaletea wanawe mashine ya gemu, lakini wanawe walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mashine ilikaa juu ya kreti kando ya TV yenye tumbo kubwa ikingoja likizo. Mimi nilikuwa darasa la kwanza na kaka alikuwa mkubwa tayari, ameanza kubadilika sauti. Tukitoka shule tulipitia dukani kuchukua mitungi mitupu ya maziwa. Mama wa Duka, ambaye hakupenda kuona kitu kimekaa bure, akatuambia tucheze, mashine isije ikaota kutu.

Diski ya ile gemu ya kwanza ilikuwa ya kunakiliwa, na maandishi yake yalikuwa ya huko Mashariki ya mbali, vijumba vyenye miguu ambavyo hakuna mtu Kitengela nzima angevisoma. Tulichoona ni kijana mwenye nguo nyekundu iliyofungwa begani, mkononi ana fimbo, amesimama kwenye nyasi zisizo na mwisho. Nilikimbia njia yote hadi nyumbani kumwambia mama kwamba kuna Mmasai ndani ya TV. Mama akaniuliza ni wa ukoo gani.

Kesho yake kaka akaanza kusoma. Hakuweza kusoma hata herufi moja, na mimi nilijua hilo, lakini kila vile vijumba vilipojipanga chini ya skrini, alikohoa kidogo kama mzee anayetaka kusema jambo barazani, akasoma. Ng'ombe za babu wa huyu kijana zilipotea zamani, alisema. Sasa kijana anazunguka dunia akizikusanya, azirudishe kwa mama yake. Wale wanyama walikuwa na manyoya marefu na pembe za kujikunja, na mtu mwingine angesema ni kondoo. Sisi tuliamua ni ng'ombe, maana nani angesumbuka hivyo kwa ajili ya kondoo? Kila aliyepatikana tulimpa jina la rangi yake kama tunavyofanya nyumbani. Wa kahawia iliyokolea alikuwa Mugie, na mwenye mabaka alikuwa Sambu.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Pembeni mwa skrini, juu upande wa kulia, palikuwa na namba iliyoongezeka kila tulipompata mnyama. Kaka alipoelewa ile namba ni ya nini, aliweka kile kidude cha vitufe chini kabisa.

"Hii kitu inahesabu ng'ombe," akasema.

Kwetu mifugo haihesabiwi. Mwenye boma husimama langoni jioni, akaitazama ikiingia, na kwa rangi na pembe anajua nani hayupo. Ukianza kuinyooshea kidole moja, mbili, tatu, unaiita hasara ije. Kaka alitoka nje, akaokota karatasi ya sabuni, akakata kipande kwa meno, akakilowesha mate na kukibandika juu ya ile namba. Mama wa Duka alipiga kelele kwamba tunaharibu TV yake. Kaka akamweleza kwa heshima zote, na yule mama, ambaye kwao nako wanaishi kwa ngamia na mbuzi, akarudi kaunta, karatasi akaiacha palepale. Karatasi ilipokauka ikaanguka, yeye mwenyewe alichana plasta ya kufungia vidonda iliyokuwa ya kuuza, akaibandika palepale. Wakati wa swala alifunika TV nzima kwa kitambaa, mashine ikinguruma chini yake, akasali, kisha akatufunulia tuendelee. Akiwa anapima sukari alikuwa akiuliza kutoka kaunta, "Sasa huyo mtoto amempata wa madoa?"

Gemu ile iliishia nyumbani. Kijana anafika kwenye lango, wanyama wanaingia mmoja mmoja, naye amesimama kando akiwatazama. Kaka alisema anaangalia rangi. Mwanamke anatoka ndani ya nyumba, maandishi yanajaa skrini nzima, na kaka aliyasoma yote bila haraka. Kila tulipoimaliza upya alikuwa ameongeza kitu: mara mama amempikia uji, mara babu hakufa kumbe alikuwa amelala, mara dada mdogo amekasirika kwa nini hakuletewa kitu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena mahali popote, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima aliyeolewa na kusafiri.

Ya pili ililetwa na watoto wa Mama wa Duka wakati wa likizo, nikiwa darasa la tatu. Waliporudi shule wakaiacha. Kijana alikuwa yuleyule wa nguo nyekundu, lakini nyekundu ilikuwa imefifia na uso umekuwa wa mtu mzima. Nchi ileile ya nyasi ilikuwa imekauka, mto umekuwa njia ya mchanga. Safari hii kijana hakuwa peke yake, maana juu ya mnyama wa mbele alikaa msichana mdogo ambaye hakusema neno.

"Mbona giza?" nikauliza.

"TV ya Mama imezeeka," kaka akajibu, akaanza kuzungusha vitufe vya mwanga.

"Wewe ndiyo umezeeka," Mama wa Duka akasema kutoka kaunta.

Tofauti kubwa ilikuwa kwamba hii ilikuwa kwa Kiingereza. Kaka alikuwa karibu kumaliza la nane na Kiingereza chake kilisifiwa shuleni. Mimi nilijua salamu na majina ya matunda, na maneno yale yalipita kabla sijamaliza neno la kwanza. Kwa hiyo alisoma kama zamani, kwa kukohoa kwanza, nami nilifurahi kwamba sasa anasoma kweli, si kubuni.

Wanyama walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinaonekana. Kaka alisema wanafunga, ni Ramadhani kwao, na Mama wa Duka akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Wengine walianguka njiani na hawakuamka. Kaka alisoma yaliyoandikwa, akaniambia, "Wamechoka. Wanalala. Tutawapitia tukirudi." Pale juu plasta ilikuwa bado imefunika namba, kwa hiyo sikujua kitu, nami niliendelea kuwaita kwa majina wale waliobaki.

Mwaka huohuo mvua ilikataa. Sikuwa kipofu, nilikuwa naona vumbi, nilikuwa naona watu wakipitisha mifugo barabarani kuelekea Nairobi kutafuta nyasi za kando ya nyumba za watu. Lakini baba alikuwa amepeleka kundi letu mapema upande wa Kajiado, kwa mjomba mwenye kisima, na nyumbani tulibaki na wachache wa maziwa. Kaka alikwenda huko kila Jumamosi na kurudi Jumapili miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nilimngoja njiani. "Mugie anakusalimu," aliniambia, maana tulikuwa na Mugie wa kweli pia. "Sambu amekuwa na kiburi siku hizi, hataki kuguswa." Nililala nikiwa nimeshiba habari. Mtoto humwamini anayempenda kuliko macho yake, na mimi nilimpenda kaka yangu kuliko kitu chochote chenye jina.

Ijumaa moja tulifika kwenye nyumba ndani ya gemu. Ilikuwa nyumba ndogo peke yake katikati ya lile jangwa, dirishani taa, nje pipa la maji. Alitoka ajuza mmoja, na kaka akamwita koko, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Msichana mdogo aliteremshwa kutoka mgongoni mwa mnyama, akalazwa kitandani, akafunikwa. Kisha yalitokea maandishi. Kaka hakukohoa. Aliyasoma kimya, akayarudia, nikamvuta shati.

"Inasema nini?"

"Inasema imeisha. Wamefika. Tumeshinda."

"Na ng'ombe?"

"Wako nje kwa pipa. Wanakunywa."

Akazima mashine, akamshukuru Mama wa Duka kwa mikono miwili kama mtu anayeaga mbali, lakini nani angeona hilo wakati ule? Njia nzima alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, na aliniambia gemu ya tatu ikitoka tutacheza hata siku za shule. Nilipoamka asubuhi hakuwepo. Mama alikuwa anakoroga uji akinipa mgongo.

"Ameenda karibu," akasema. "Ameenda karibu tu."

Alikuwa amekwenda Rombo, kule Loitokitok mpakani, chini ya mlima, ambako watu walisema chemchemi hazikauki. Baba na mjomba waliamua ng'ombe waliosalia waswagwe mpaka huko, na kijana mwenye miguu ya kutosha alikuwa yeye. Shule ilisubiri, kisha ikaacha kusubiri. Mimi nilikwenda njiani kila jioni kumngojea mtu aliyekwenda karibu. Nilisimama kwenye pembe ya ule ua wa seng'enge mpaka mama wa ile nyumba ya mawe akawa ananipa kiazi bila kuniuliza chochote.

Alirudi mvua zilipofika, na nyuma yake ng'ombe ambao hata mimi ningeweza kuwahesabu, kama ingeruhusiwa. Mugie hakuwemo. Sambu hakuwemo. Kwa hao ningelia na ningemaliza. Kilichonishinda ni kwamba kaka yangu naye alirudi bila maneno. Aliomba chai, aliuliza habari za mvua, alimjibu baba alichoulizwa. Nilimwambia twende dukani tukaanze ile ya kwanza upya, akaniambia nenda wewe. Nilikwenda. Nilikaa mbele ya vile vijumba vyenye miguu na havikusema kitu. Mama wa Duka aliniuliza kutoka kaunta, "Leo mbona kimya?" Nikaanza kulia, akaja akanifunika kwa kile kitambaa cha TV.

Kaka alirudi Rombo akaoa huko, akalima vitunguu, akanunua ng'ombe polepole. Alikuja kwenye misiba na harusi. Tulisalimiana vizuri, kwa Kimaa na kwa Kiswahili, na ungesema ni ndugu wanaopatana, na kweli tulipatana. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikikaa upande wa pili wa meza nikiingoja ile sauti. Niliitamani kama mtu anavyotamani chakula cha kwao. Watu wengi waliofiwa wangenielewa, lakini mimi sikufiwa, na kumtamani mtu aliyeketi mbele yako akinywa soda ni jambo la aibu kidogo, hulielezi kwa yeyote.

Nikasoma, nikawa mwalimu. Nilichofundisha, usicheke, ni Kiingereza. Mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili nilipanga chumba Laiser Hill, nikaona kwa muuza vitu vya mitumba mashine ileile na ndani ya mfuko wake gemu ya pili. Nilivibeba kwa kuvikumbatia. Jumamosi mchana nikaketi chini, peke yangu, nikaanza kucheza, na kwa mara ya kwanza maishani nikajisomea.

Ndipo nilipojua. Hakukuwa na Ramadhani. Wanyama wa kwanza walipoanguka, skrini iliandika, "Hawa hawatainuka tena." Pale kaka aliposema upepo unaimba, kijana alikuwa anaomba msamaha kwa kila mmoja aliyemwacha. Na pembeni, juu upande wa kulia, namba haikuwa na kitu cha kuifunika. Ilishuka. Ilishuka tangu mwanzo, hatua kwa hatua, nami niliketi chini ya ile plasta muda wote nikiwaita wafu kwa majina yao. Nilifika kwenye nyumba yenye taa. Msichana akalazwa, akafunikwa, na kijana akamwambia yule ajuza: "Usimwamshe. Akiamka, mwambie nimeenda karibu."

Niliweka vitufe chini. Nilimpigia mama simu nikiwa bado sakafuni.

"Yeyo, siku ile kaka alipoondoka kwenda Rombo, nani alikwambia uniambie ameenda karibu?"

Nikasikia kuku wake. "Ni yeye," akasema. "Alisema niseme hivyo hivyo, nisiongeze neno."

Kwa hiyo wanaosema gemu ya pili ni bora wana haki yao. Imeandikwa vizuri kuliko ile ya kwanza, nami mwalimu wa lugha nakubali. Ya kwanza ni nyasi na kengele tu, na uzuri wake wote ulitoka kinywani mwa kijana mmoja wa darasa la sita. Ila kuna gemu nyingine ambayo wao hawakuicheza, ile aliyonisomea kaka huku ya pili ikiwa mbele ya macho yake, na kila sentensi akiimeza yeye na kunipa mimi nyingine. Hiyo ndiyo ninayoitetea nikibishana na mafundi wa simu. Nilihifadhi mchezo palepale nyumbani kwa koko. Sikuendelea. Nilijiambia sitaendelea bila yeye, na papo hapo nikajicheka, maana nani angemketisha mzee wa boma mbele ya gemu?

Kisha, miaka kadhaa baadaye, mvua zikakataa tena. Kaka alikuja upande huu kutafuta mnunuzi kabla ng'ombe hawajakonda zaidi, na Jumapili asubuhi alifika kwangu, fimbo akaiacha mlangoni. Alikuwa na mvi mbili tatu kwenye kidevu. Nilimpa chai na mkate. Alizungusha macho chumbani, yakatua kwenye mashine.

"Bado uko na hii kitu?"

"Niko nayo."

Alikunywa chai yake hadi nusu. "Ulifika wapi?"

"Kwa yule koko mwenye taa."

"Pale iliisha," akasema, bila kuniangalia.

"Haikuisha, kaka."

Niliogopa nimeharibu. Alitazama kikombe, akatazama mlangoni ilipo fimbo, na mimi moyoni nilikuwa nasema, usiende, sema chochote, nidanganye. Alihema. "Ulikuwa mdogo," akasema. "Na mimi pia sijui kule mbele kuko aje. Sikuwahi kufika."

Niliwasha TV. Nyumba ikatokea, taa, pipa, kijana mlangoni akiwa na wale wachache. Kaka alisogeza kiti. Aliona ile namba pembeni, na uso wake ukabadilika. Aliinuka, akaenda kwenye beseni langu, akachukua karatasi ya sabuni, akakata kipande kwa meno, akakilowesha ulimi, akakibandika juu ya ile namba na kukikandamiza kwa kidole gumba.

"Sasa endelea," akasema.

Niliendelea. Kijana alitembea kwenye ule mchanga, nyuma yake kivuli kimoja tu chenye pembe, na maandishi yakajipanga chini. Niliyasoma kwa kupepesa jicho: "Huyu ndiye wa mwisho. Nyuma yake hakuna mwingine."

"Inasema nini?" nikamuuliza.

Aligeuka akanitazama, mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mzima mwenye miwani. Sikuondoa macho. Nilingoja kama nilivyongoja kwenye pembe ya ule ua.

Akakohoa kidogo.

"Inasema wengine wako nyuma, wanakunywa maji," akasema. "Inasema twende polepole, watatufikia."

Nikabonyeza polepole.